Urithi wa Baba Fundi



Katika mwezi wa Novemba Kanisa Takatifu huwakumbuka marehemu wote. Hapo Wakristu wa Lubumbashi huenda makaburini, hufyeka majani, huweka maua na kusali. Desturi hiyo ni njema. Lakini mara nyingi, baba akiisha kuzikwa, swali linalosikiwa kwanza nyumbani si hili: «Baba alitufundisha nini?» Linalosikiwa ni hili: «Baba ameacha nini?» Na kama marehemu alikuwa fundi wa motokaa, jamaa hugombania jeki, spana na gari bovu lililobaki uani. Huhesabu vyuma mpaka usiku, wala hawaulizi habari za urithi wenyewe.

Basi urithi wa fundi ni kitu gani? Sikilizeni mfano.

Lubumbashi ina komini iitwayo Kenya, lakini habari hii yatoka mbali zaidi, katika nchi yenyewe ya Kenya. Huko Kericho, penye mashamba ya chai, alizaliwa Joginder Singh mwaka 1932. Baba yake, mzee Battan Singh, alikuwa ametoka Punjab katika Bara Hindi, naye alikuwa na gereji. Katika gereji hiyo mwana alijifunza kazi kwa mikono ya baba. Watu hao hawakuwa Wakristu, walikuwa Singasinga. Lakini Mkristu asione haya kujifunza kwao, maana Bwana wetu mwenyewe alimtwaa Msamaria awe kielelezo cha upendo.

Tangu mwaka 1953 palikuwa na mashindano makubwa ya motokaa katika Afrika ya Mashariki, yaliyoitwa Safari. Miaka ya 1960 yalifanywa siku za Pasaka, wakati wa mvua za masika. Njia ziligeuka matope, mito ilifurika, na mawe yalivunja magurudumu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1965 Joginder aliondoka pamoja na Jaswant, ndugu yake wa tumbo moja. Gari lao, Volvo, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika na wengine. Nao wana hao wawili wa fundi wakashinda. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, akawa mtu wa kwanza kuyashinda mashindano hayo mara tatu. Alifariki London mwaka 2013.

Watu husifu ushindi wake mara tatu. Lakini iko hesabu nyingine inayofaa kusifiwa zaidi: aliingia katika Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Alipenda mbio kwa moyo wote, lakini alikuwa fundi kwanza. Fundi hulijua gari kwa ndani. Hujua lini kukaza mwendo na lini kuuhurumia mtambo, akisikia sauti ngeni katika injini, hasemi, «Itapita yenyewe.» Mwenye kupenda mwendo bila kupenda kazi ya fundi hukimbia vizuri asubuhi, na jioni yumo mtaroni.

Je, kupenda mashindano ni dhambi? Sivyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari za wakimbiaji wanaojinyima ili wapate taji, kwa maana karibu na Korinto michezo ilifanywa kila miaka miwili, na wasomaji wake waliijua. Hakuwakemea wakimbiaji, alitaka Wakristu wajinyime kama wao, kwa ajili ya taji lisilonyauka. Tena alipokaribia kufa alimwandikia Timoteo kwamba mwendo wake ameumaliza. Hakujisifu kwamba alikimbia kuliko wengine. Alishukuru kwamba alifika, na imani yake akiwa nayo.

Sasa rudini Lubumbashi. Tazameni fundi wa Katuba au Kamalondo, chini ya mwembe wake, jua likizama. Mwanawe mdogo amemshikia taa. Gari la mteja liko juu ya jeki, na kesho alfajiri litachukua watu kwenda Likasi. Fundi aona breki zimelika. Mteja hajui. Fedha ya breki mpya mteja amekwisha kuilipa, na nyumbani ada ya shule yadaiwa. Fundi aweza kurudisha gurudumu, akaze nati, apanguse mikono, aseme, «Tayari.» Nani ataona? Ndani ya gurudumu huona watatu: fundi, Mungu, na mtoto mwenye taa.

Saa ile ndipo urithi huandikwa. Baba akidanganya kwa ajili ya ada ya mtoto, amemnunulia mtoto daftari na kumwuzia roho. Akiweka breki ipasavyo, hata kama usiku huo watalala na deni, amempa kitu ambacho wajomba hawatakigawa wala mwizi hatakibeba. Na watu wa gari lile watafika Likasi, wala hawatajua kamwe jina la aliyewafikisha.

Ndivyo alivyokuwa Mtakatifu Yosefu. Injili haikuandika hata neno moja la kinywa chake. Lakini watu wa Nazareti walipotaka kumtambulisha Bwana wetu, walimwita mwana wa seremala. Kazi ya baba ilisema pasipo maneno. Kwa sababu hiyo mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi. Nao Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, waliwafundisha vijana ufundi pamoja na katekisimu, kwa kuwa mkono ule ule ushikao nyundo ndio ufanyao ishara ya msalaba.

Enyi mlio na baba fundi kaburini, mkumbukeni kwa mambo matatu. Kwanza, mwombeeni, na mtolesheni Misa, maana hata baba mwema huenda akahitaji kutakaswa toharani. Pili, lipeni alichodaiwa: gari la mteja lililobaki uani lirudishwe pamoja na vyuma vyake vyote, na mjane asinyang'anywe chombo cha kulea watoto. Tatu, shikeni kazi kama alivyoishika siku zile alizokuwa mwaminifu. Na pale alipokosea, msameheni, mkatengeneze.

Nanyi akina baba mlio hai, msingoje siku ya kufa ndipo muandike urithi. Jioni ya leo, gurudumu likiwa limefunguliwa, inueni macho. Mtoto ameshika taa, naye anatazama.

Mungu, aliye Baba wa wote, awajalie marehemu wetu kufika salama mwisho wa safari. Amina.