Mzee aliyesahau si mchawi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Enyi ndugu Waislamu, katika Sura An-Nahl, aya ya 70, Mola wetu ametujulisha kwamba wamo kati yetu watakaorudishwa katika umri dhaifu, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Basi kwa nini hali aliyoitaja Mola mwenyewe tunaiita uchawi?

Tazameni. Bibi anaamka saa nane ya usiku, anatoka nje, anamwita mume wake aliyekufa zamani. Anaficha sahani, kisha anasema imeibiwa. Jirani anasema: huyu anatembea usiku, anaongea na wafu. Maneno yanaenea kwenye avenyu, vijana wanashika mawe. Mwezi wa Septemba 2021, huko Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi.

Madaktari wanaujua ugonjwa huu: ubongo unakufa polepole. Aina moja inaitwa Alzheimer, na daktari Mjerumani aliieleza tangu 1906. Hauna dawa ya kuuponya. Lakini mpelekeni mzee hospitalini kwanza, maana malaria na upungufu wa vitamini pia huvuruga akili, na hayo yana dawa.

Aliyepotewa na akili, kalamu imeinuliwa kwake: hadaiwi sala wala saumu. Msimpigie kelele kwa kuwa ameswali Adhuhuri mara tatu. Wala msimshikishe kidole kwenye karatasi ya kuuza kiwanja. Mauzo hayo ni batili, hata mkiwa mmekubaliana ninyi wote.

Na anayemtunza? Mara nyingi ni binti mmoja, halali usiku, na ndugu zake wanatuma salamu tu. Katazo la Sura Al-Israa, aya ya 23, la kumguna mzazi mzee, na amri ya kumtendea wema, ni juu ya watoto wote. Aliye mbali atume pesa ya sabuni na chakula. Aliye karibu aende alale kule siku mbili kwa juma, ili dada yake apate usingizi. Na ndugu msiyemwona katika safu leo, pengine hana wa kumwachia mgonjwa. Wanazuoni wamempa udhuru, msimsengenye.

Baada ya sala, wanaoweza kukaa na mgonjwa saa chache waandikishe majina kwa muadhini, na kila mmoja ataje siku yake. Wenye mgonjwa nyumbani nao waje, bila haya.

Wabillahi tawfiq.