Jiji linapanuka, maji yangu nimwelekezee nani?

Masika ya mwaka 2024 nilimdhulumu mtu nisiyemjua hata jina, tena kwa fedha yangu ya halali. Nyumba yangu iko Kigogo, upande ule unaoteremka kuelekea bonde la Msimbazi. Miaka yote mvua kubwa ikinyesha, maji ya njiani yalikuwa yanakatiza uani kwangu na kupita karibu na choo, kisha yanatokea nyuma. Nikachoka. Nikanunua malori matatu ya kifusi, nikainua uwanja na kujenga ukuta wa tofali kimo cha mtu. Mvua za Aprili zilipokuja uani kwangu palikuwa pakavu. Nilikaa barazani na kikombe cha chai, nikaitazama kazi ile na kusema alhamdulillah.

Maji hayakwenda mbinguni. Yaligonga ukuta, yakageuka kushoto, yakaingia kwa jirani wa chini ambaye amepangisha vyumba sita. Chumba cha kwanza alikuwa akikaa kijana mmoja mlinzi wa usiku, na usiku ule alikuwa lindoni. Aliporudi alfajiri alikuta godoro limelowa chapachapa na gunia la maharage aliloletewa kutoka kwao limeharibika lote. Adhuhuri akabisha hodi kwangu. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana najua Kigogo watu hugombana kwa mambo madogo kuliko hayo. Akanipa shikamoo, akasema: "Mzee wangu, sikuja kudai. Nataka kuuliza tu. Kwetu mtu akitaka kugeuza maji humuuliza kwanza aliye chini yake. Huku utaratibu ukoje?"

Nilimweleza habari ya serikali ya mtaa na mitaro isiyochimbwa, nikasema mengi. Alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda kuanika godoro lake. Jibu la swali lake sikumpa, kwa sababu sikuwa nalo.

Nilipomuuliza kwao ni wapi alisema Buger. Wengi wetu tunaifahamu Karatu kwa magari ya watalii yanayopita kwenda Ngorongoro. Buger ni kata katika wilaya hiyo hiyo, lakini mtalii haioni. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji. Baadaye mwaka ule nilipata safari ya Arusha, na yule kijana akaniomba nimfikishie baba yake dawa fulani. Nilikubali haraka, nadhani kwa sababu ya lile godoro.

Mzee yule alinipokea vizuri, akanitembeza shambani. Ni nchi ya miteremko, udongo mwekundu, mahindi na maharage. Nikamuuliza habari ya maji, nikitaka kuona kama mwanawe alinitania. Akanionyesha mfereji mdogo unaokata shamba lake kwa ubavu. Kisha akanionyesha kwa jirani unapoingia, na kwa wa tatu unapomalizikia kwenye majani. Alisema mfereji huo ulipangwa na baba zao, na asiyeusafisha huitwa na wazee. Waliosoma historia wanajua kwamba Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu, wanakotoka wengi wa hawa wa Karatu, wamesifika tangu zamani kwa kulima milimani kwa matuta na mifereji bila kuacha udongo uondoke. Hawakuwa na mhandisi wala ofisi ya mipango miji.

Sasa nisije nikaonekana naisifu shamba kama wale wanaoisifu wakiwa Upanga. Mzee yule ana ekari nane na watoto wa kiume watano. Fanya hesabu mwenyewe. Nje ya mipaka ya wazee wale niliona makorongo yaliyokula mashamba ya watu, maana hata huko kuna waliolima hadi kwenye njia ya maji kwa kukosa pa kulima. Mzee hakumfukuza mwanawe wala hakumzuia. Aliniambia tu kwamba kijana wa nne naye anauliza nauli ya basi.

Ndiyo maana naona hawatendi haki wale wanaosema matatizo ya Dar es Salaam yanaletwa na watu wa mikoani kujazana mjini. Mkoa huu katika sensa ya 1978 ulikuwa na watu wapatao 843,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Hiyo ni zaidi ya mara sita katika miaka 44. Wengine wamezaliwa humu humu, wengine wamekuja, na waliokuja waliitwa na kitu. Ibn Khaldun katika Muqaddimah yake, karne ya 14 Miladia, alilieleza jambo hili. Alisema watu wengi wakikaa pamoja na kugawana kazi, mazao ya kazi yao huzidi mahitaji yao, na ziada hiyo huwafikia hata wanyonge, kiasi kwamba ombaomba wa Fas alikuwa na hali nzuri kuliko ombaomba wa Tlemcen. Kijana wa Buger hajamsoma Ibn Khaldun, lakini anajua kwamba kulinda geti la mtu Dar es Salaam kunamwingizia shilingi nyingi kuliko sehemu moja ya tano ya ekari nane.

Na geti analolinda ni la nani? Ni letu. Tunataka alinde usiku, afue, apike na kubeba zege la ghorofa zetu. Jioni ikifika hatuulizi analala wapi. Tunajua lakini. Analala bondeni, kwa sababu kodi ya bondeni ndiyo inayolingana na mshahara tunaompa.

Kumfukuza kumejaribiwa. Waingereza waliwakamata vijana wasio na kazi, waliowaita wahuni, wakawarudisha makwao. Mwaka 1983 Serikali yetu nayo ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, watu wakasombwa mitaani kupelekwa mashambani. Wenye umri wangu wanakumbuka. Walirudi, wengine kabla ya lori lililowapeleka. Basi la kufukuzana tuliweke kando.

Lipo pia la asili ya mji wenyewe. Sultan Majid alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, alichagua bandari. Wajerumani na Waingereza waliofuata waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Mwafrika Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, eti kuzuia maradhi yasivuke. Wakati wa uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka, ukabaki wa mfuko. Mpaka leo takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanakadiriwa kukaa katika maeneo yasiyopimwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima Bunju, Mbweni, Tuangoma na kwingineko, na ulikuwa na heri yake, lakini mlinzi wa usiku hakununua kiwanja pale.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na waliookolewa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali mno na vibarua vyao. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa ya Msimbazi, nyumba zikapigwa alama ya X. Sipingi kwamba bonde si mahali pa kuishi. Ila karakana ya mabasi yaendayo haraka nayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile, na mvua zimeifurika mara kadhaa. Mnyonge akijenga njia ya maji anaitwa mvamizi. Mkubwa akijenga hapo hapo unaitwa mradi. Naishia hapo, maana leo sikukusudia kuisema Serikali.

Nimekusudia kujisema mimi. Serikali haikunituma kumwaga kifusi. Ukuta ni wangu. Na nikitembea mtaani kwetu naona kuta za watu wengi kama mimi, wanaoswali safu ya kwanza. Kila mmoja ameinua uwanja wake, na kila mmoja anamlaumu mwenzake wa juu. Tumesogeza kuta mpaka vichochoro vimekuwa vya mtu mmoja mmoja. Mtume (s.a.w.), watu walipogombania upana wa njia, aliamua iwe dhiraa saba, na Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Sisi tukifiwa jeneza hatulibebi wanne. Tunalipitisha limeinamishwa ubavu, mmoja mbele mmoja nyuma, na maiti anagongana na mabati. Nimelibeba hivyo mwenyewe, la jirani yangu niliyembana kichochoro.

Kuhusu maji yenyewe, dini haikunyamaza hata kidogo. Zubayr (r.a.) aligombana na mtu mmoja wa Ansari juu ya mifereji ya Harra iliyonywesha mitende. Mtume (s.a.w.) akamwamuru Zubayr anyweshe yake kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Zubayr mwenyewe aliona kwamba aya ya 65 ya Surat An-Nisaa iliteremka kwa sababu ya kisa hicho. Imam Malik naye katika Muwatta ameeleza kwamba Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, naye akakataa. Shauri likafika kwa Sayyidna Umar (r.a.), akamkumbusha kwamba mfereji ule ungemnufaisha na yeye pia, bila kumdhuru. Alipozidi kukataa, Umar akaapa kwamba utapita, ikibidi hata juu ya tumbo lake.

Atasema msomaji: kule maji yaligombewa, huku yanafukuzwa, vipi ulinganishe? Nimelifikiria hilo sana. Ninavyoona, hukumu zile zimesimama juu ya jambo moja, kwamba milki yangu haikatiki pale mpaka wangu unapoishia kama kwamba baada yake hakuna mtu. Kilichopita kwangu kikaenda kwa mwingine, kheri au shari, mkono wangu umo. Kama ninayo haki ya kukausha uani kwangu, na sioni wa kunikatalia, basi ninalo deni la kujua maji yanakokwenda. Mzee wa Buger anajua maji yake yanakokwenda kwa sababu aliye chini anamjua kwa jina la babu yake. Mimi aliye chini yangu nilimjua siku aliyokuja na swali.

Pengine hili ndilo linalofanya mji mkubwa uwe mtihani. Mtu hudhulumu bila kuona uso wa anayemdhulumu, kwa hiyo nafsi haimsuti. Kijijini ukigeuza maji jioni, asubuhi utakutana naye kisimani. Hapa kati yangu na yule kijana palikuwa na ukuta, mwenye nyumba, na saa za kazi, yeye usiku mimi mchana. Angekuwa mkali tungetukanana, na ningeendelea na maisha nikijiona mimi ndiye niliyeonewa.

Niliporudi kutoka Karatu nilimfuata mwenye nyumba wa chini. Alishangaa, akadhani nataka kununua kiwanja chake. Tulipima kwa kamba, tukakubaliana nitoboe ukuta sehemu mbili na tuzike bomba la inchi nane kupita pembeni ya vyumba vyake, mimi theluthi mbili ya gharama, yeye theluthi moja. Godoro nililipa peke yangu. Yule kijana alikataa kulipwa gunia la maharage, akasema baba yake ameshamtumia jingine.

Bomba limezikwa kabla ya vuli, na limefanya kazi. Sasa ametokea mama mmoja mwenye nyumba ya tatu kutoka kwangu, chini zaidi, ambaye sijawahi kuzungumza naye kwa miaka 19 niliyokaa hapa. Amempitishia mjumbe salamu kwamba anataka kujua bomba letu linamwaga wapi. Tumepanga kukutana kwake Jumapili baada ya Alasiri.