Ubaya wa Gugu

Nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako ni malisho mazuri ya ng'ombe. California zilifika karibu na mwaka 1918, zikapandwa kuzuia kingo za mitaro zisimomonyoke. Leo sheria ya Marekani inazihesabu kuwa magugu hatari, na watunza viwanja vya gofu wengi hupambana nazo mwaka hadi mwaka. Lakini katika klabu ya Riviera, Los Angeles, ndizo zinazofunika njia za kuchezea, na unene wake unaoubeba mpira juu ni sehemu ya sifa ya uwanja huo. Je, ubaya wa gugu umo katika mmea wenyewe, au katika jicho la anayeutazama?

Augustino wa Hippo (354–430) alifundisha kwamba kila kilichopo ni chema kwa kadiri kilivyopo, kwa kuwa kimetoka kwa Muumba mwema. Ubaya ni upungufu wa wema, si kitu kinachojitegemea. Kwa kipimo hicho nyasi za Kikuyu hazina kosa. Mashina yanayotambaa juu na chini ya udongo, yale yale yanayomchosha mtunza uwanja, ndiyo yanayoziponya zikikanyagwa na kuliwa.

Hoja hiyo ni nzito, ila anayetoka hapo na kudai kwamba gugu ni suala la upendeleo tu anakosea. Lolium temulentum, mmea ambao wafafanuzi wengi huuona kuwa ndio magugu ya mfano wa Yesu katika Mathayo 13, hufanana mno na ngano ukiwa mchanga, na punje zake zikisagwa pamoja na ngano huweza kumdhuru mlaji. Ndugu yake, Lolium perenne, hupandwa kwa makusudi viwanjani kusini mwa Marekani ukoka unapolala wakati wa baridi. Ubaya, basi, ni uhusiano kati ya mmea na maisha yanayouzunguka, na uhusiano huo ni jambo la kweli, si dhana.

Nyasi iitwayo Poa annua inalileta swali hili karibu zaidi. Kwenye grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, huota mabaka yaliyopauka yenye vichwa vya mbegu vinavyouyumbisha mpira. Hustawi penye udongo ulioshindiliwa na maji ya mara kwa mara, na huchanua hata ikikatwa kwa kimo cha milimita 3. Utunzaji wenyewe, kwa hiyo, huiandalia makao. Dawa ile ile ya kuiua ikirudiwa miaka mingi, mimea michache isiyodhurika ndiyo inayobaki kuzaa, na usugu huenea.

Mwenye shamba wa mfano ule wa Yesu aliwazuia watumishi wasing'oe magugu, wasije wakaing'oa na ngano, akasubiri mavuno. Uwanja wa gofu hauna siku ya mavuno. Mtunzaji hulazimika kuhukumu kila wiki. Haki inamtaka aanze na sababu: atoboe udongo upate hewa, apunguze maji, ainue kisu cha mashine ya kukatia, ang'oe kwa mkono mabaka yakiwa machache, na dawa ije mwisho. Poa ikishatawala grini nzima, kuing'oa huacha udongo wazi ambamo mbegu zake zilizolala huwahi kuota. Hapo njia nyingine ni kuikubali: katika uwanja wa Pebble Beach, kwenye pwani ya California, grini ni za Poa annua, nayo hulishwa, hunyweshwa na kukatwa kama nyasi nyingine yoyote inayothaminiwa.