Watu Aliokaa Nao Jioni

Kwa Kiswahili chetu "rafiki wa baa" ni nusu tusi. Mama akisema "hao marafiki zako wa baa", hahitaji kumalizia sentensi. Rafiki wa shule ni rafiki, wa kazini ni rafiki, wa kanisani ndiyo kabisa. Wa baa anahesabiwa kuwa mtu wa kupita, anayekupenda kwa idadi ya chupa zilizo mezani. Na methali ipo tayari kumhukumu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mimi nina ugomvi na methali hiyo. Niliupata Kisumu, mtaa wa Milimani, nilikoishi kuanzia 2016 hadi 2019. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, Mtanzania wa Mwanza, mgeni mwenye kibali cha kazi.

Watu wa kwetu huniuliza kwa dharau: Kisumu nako ni ughaibuni? Ziwa si lile lile? Kweli, maji ni yale yale, ila ukivuka Sirari samaki wanabadilisha majina. Sangara anakuwa mbuta. Sato anakuwa ngege. Dagaa wanakuwa omena. Ugeni wangu ulikuwa wa namna hiyo, kila kitu nakijua na sijui kinaitwaje. Una upweke wake, tena hakuna anayekuhurumia. Ukiwa London nyumbani wanakuuliza baridi vipi. Ukiwa Kisumu wanakuuliza mbona wikiendi hukuja.

Milimani yenyewe haisaidii. Ni mtaa wa miti mikubwa na mageti marefu. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa bado Port Florence, Wazungu wakajitengea sehemu zao, na mpaka leo nyumba nyingi za Milimani zimekaa mbali na barabara kana kwamba zinaogopa kusalimiwa. Unaweza kumaliza mwaka bila kujua jirani yako anafananaje. Lakini ukitembea kidogo tu unaingia Nyalenda: mabati yamebanana, watoto njiani, jiko la mkaa kila mlango. Baa yetu ilikuwa mpakani hapo, na kibao chake kilikuwa kimefutika kwa jua, kwa hiyo kila mtu aliiita alivyotaka. Viti vya plastiki, mwarobaini mmoja uani, televisheni ndani ya kizimba cha nondo.

Jioni ya kwanza nilimwambia mhudumu, "Samahani dada, naomba bia moja." Meza ya jirani ikacheka mpaka mmoja wao akainama. "Buda, hapa ukiomba hivyo utakufa na kiu," akasema. "Sema leta." Wakanivutia kiti. Tangu siku hiyo niliitwa Tanzania. "Tanzania, baridi ama moto?" Sijui kama kuna aliyewahi kuniuliza jina langu.

Na mimi sikuuliza ya kwao. Kulikuwa na Mwalimu wa sekondari, Sister aliyekuwa muuguzi na aliyelipa bili yake mwenyewe kila siku bila kujadiliana na mtu, kijana wa boda boda, na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini tuliyemwita Jakom, yaani mwenyekiti. Mwenyekiti wa nini, sijui. Wazee wa Kijaluo zamani walikaa kwenye duol, wakavuta pombe ya kienyeji kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, oseke, na nadhani Jakom alijiona yuko huko, ila chungu kimegeuka kreti.

Yeye ndiye aliyenipa uraia. Benga ya D. O. Misiani ilikuwa inapigwa, akanigonga bega. "Huyu alikuwa wenu," akasema. Ni kweli. Misiani alizaliwa upande wetu, Shirati, akavuka, akaanzisha Shirati Jazz, akawa sauti ya Nyanza nzima. Nyimbo zake ziliwahi kumponza akakamatwa na kurudishwa Tanzania, naye akarudi tena Kenya. Alifia Kisumu kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. "Sasa," Jakom akasema, "ukitaka kuwa wetu, anza na kulipa raundi."

Aristotle aligawa urafiki mafungu matatu. Kuna wa faida, kuna wa starehe, na kuna wa wema, ambao watu wawili wanapendana kwa jinsi walivyo. Wa starehe, alisema, unavunjika upesi kwa sababu starehe zenyewe hubadilika. Mwalimu alikuwa anayajua hayo, na usiku mmoja alitupanga wote kwenye fungu la pili, kwa furaha kubwa, kama mtu anayegawa vyeti. Nilikubali siku ile. Siku hizi sikubali, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Angalia dhiki inavyofanya kazi. Ukifiwa, ukiugua, ukifukuzwa kazi, watu wanakuja. Wanakuja hata wasiokupenda, kwa sababu kutokuja ni aibu. Anayekusaidia anasimama juu kidogo, wewe uko chini, na kila mtu anajua nani anadaiwa. Silaumu, maisha yetu yamejengwa juu ya hilo. Lakini mtu anayefurahi ukiingia mlangoni, asiyekuhitaji, asiyekuhurumia, asiyekudai, na kesho anafurahi tena? Huyo methali haina mahali pa kumweka. Ukimwambia mtu mzima umepandishwa cheo, mtazame uso. Utagundua wa kukuonea huruma ni wengi kuliko wa kukuonea furaha.

Dada wa kaunta aliniharibia hoja hii mapema, na ni haki nimtaje. Yeye alilipwa ili atufurahie. Alijua nani anakunywa nini, nani asiulizwe habari za mkewe, nani akatwe mapema. Je, naye alikuwa rafiki? Saa tano usiku ikifika, kwa ile sheria ya 2010 ambayo kila Mkenya huiita ya Mututho, alizima televisheni na kutufukuza bila aibu. Sijawahi kulipatia jibu swali lake. Najua tu kwamba hakutudanganya hata mara moja kuhusu saa za kufunga.

Juni 10, 2018 nilifurahiwa vibaya. Fainali ya SportPesa Super Cup ilichezwa Nakuru, Gor Mahia na Simba, mshindi akaenda kucheza na Everton Uingereza. Baa nzima Simba nilikuwa mimi peke yangu. Gor mbili, sisi sifuri, na bao moja la Meddie Kagere. Nikalipishwa raundi mbili, moja ya kila bao. Wiki chache baadaye Simba ikamsajili Kagere mwenyewe. Niliingia siku hiyo kwa mwendo wa harusi. Jakom alinitazama hadi nikakaa, ndipo akasema, "Kwa hiyo nyinyi mkishindwa kufunga, mnanunua mfungaji."

Methali bado inasubiri, najua. Dhiki ilipokuja, walikuwa wapi?

Ilikuja Agosti 2017, baada ya uchaguzi wa tarehe 8. Milimani tulijifungia mageti. Nyalenda hawakuwa na mageti ya kufunga. Polisi waliingia usiku, na mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alipigwa ndani ya nyumba yao akafariki siku chache baadaye. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ulisema polisi wawajibike. Usiku ule mimi nilisikia milio nikiwa kitandani, umbali wa kutembea kwa miguu. Asubuhi simu ikalia, Jakom. "Tanzania, usitoke. Uko na unga?" Sikuwa nao. Mchana kijana wa boda akapitia njia za nyuma anazozijua yeye, akanirushia juu ya geti mfuko wenye pakiti mbili za unga na omena. Hakushuka hata kwenye pikipiki.

Ningeweza kushinda kesi kwa mfuko ule. Ningesema: haya, walinifaa kwa dhiki, basi ni marafiki, tufunge mjadala. Sitaki kushinda hivyo, kwa sababu nikisema hivyo nimekubali kwamba kabla ya unga hawakuwa kitu, kwamba mwaka mzima wa jioni ulikuwa mtihani na Agosti ndiyo matokeo. Mimi naona kinyume. Unga ulikuja kwa sababu urafiki ulishakuwepo, umeshakamilika, haudai ushahidi. Kijana yule hakuja kuthibitisha lolote. Alikuja kwa sababu kiti changu kilikuwa kitupu siku tatu na alikuwa amezoea kukiona kina mtu.

Baa ilipofunguliwa tena hakuna aliyenieleza siasa wala kuniuliza niko upande gani. Tulikaa. Sister alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, akanywa soda, akalala kwenye kiti, tukapunguza sauti ya televisheni.

Sitetei pombe, nimeona ilichofanya kwa watu wa kwetu. Ila tusiipe sifa isiyo yake. Mwishoni mwa 2018 daktari alimkataza Jakom kunywa, na tukadhani ndiyo basi. Kesho yake saa kumi na mbili alikuwa kwenye kiti chake na chupa ya Stoney. Mwalimu akamuuliza anatafuta nini. "Daktari amenikataza bia," akasema. "Hajanikataza nyinyi." Aliendelea kulipa raundi zake, kila zamu, za bia asizokunywa.

Mkataba wangu uliisha 2019 nikarudi Mwanza. Kundi letu la WhatsApp lilibaki, picha za samaki, matusi ya mpira. Mwaka 2022 ikaingia tanzia: majina matatu, cheo, kijiji upande wa Seme, majina ya watoto sita. Nilidhani imetumwa kimakosa. Picha ilipofunguka ndipo nikamwona, ndani ya suti, mwenyekiti.

Mtu akiniambia sikumjua, kwa kuwa hata jina sikujua, nitamjibu nini? Nilijua anavyonyamaza akikasirika. Nilijua anacheka kabla ya mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Nilijua alikataa kukaa akipa mlango mgongo. Majina matatu nilijifunza kwa dakika moja.

Nilipanda basi Alhamisi usiku. Jumamosi turubai lilikuwa limejaa, na mshereheshaji aliita makundi moja moja kusimama na kusema neno: familia, wakwe, kanisa, waliofanya naye kazi bandarini, chama cha mazishi. Sisi wanne tulikuwa nyuma, na hapakuwa na jina la kutuita. Huwezi kusimama mbele ya mchungaji ukasema sisi ni wa baa. Alipouliza kama kuna waliosahaulika, Sister akasimama. Alisema sentensi moja kwa Kijaluo, akakaa. Mwalimu akanitafsiria: "Sisi ni watu aliokuwa akikaa nao jioni."

Mchungaji alitikisa kichwa kukubali, tukaandikwa hivyo hivyo kwenye daftari la michango, katikati ya kanisa na wakwe.

Baada ya chakula tulipanga foleni kumpa mjane pole. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mwembe, mabinti wawili pembeni. Kabla hatujajitambulisha akamwita Sister kwa "Sister", Mwalimu kwa "Mwalimu", na kijana wa boda akamuuliza kama pikipiki bado inavuja mafuta. Hatukuwahi kuonana naye. Kisha akatazama nyuma yao.

"Tanzania ni nani?"

Nikasema ni mimi, mama.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Alisema mliiba mfungaji wetu."

"Ni kweli, mama. Msimu wa kwanza tu alitufungia mabao 23 kwenye ligi."

"Ishirini na tatu?" Akawageukia mabinti zake, akacheka kidogo, akafuta macho kwa upande wa leso. "Yeye aliniambia kumi."