Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Methali yetu kuhusu wageni ina hesabu ndani yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumcheka shemeji aliyekuja kwa wikendi akamaliza mwezi sebuleni. Lakini methali hii haihusu uchoyo. Inatofautisha namna mbili za kuwa kwenye nyumba ya mtu: kukaribishwa na kuhusika. Siku mbili za kwanza unaonyeshwa nyumba, na ya tatu unaonyeshwa shamba.

Nimekuwa nikiifikiria nikisoma ratiba za safari za vikundi zinazowapeleka wapenzi wa sigaa Kuba. Sigaa ni ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi wala kichungi. Wapenzi wake hulipia kiongozi, hoteli na basi. Hutua Havana, hutembezwa kiwandani, kisha hupelekwa magharibi hadi mkoa wa Pinar del Río, kwenye eneo la Vuelta Abajo, ambako udongo wa San Luis na San Juan y Martínez unasifika kutoa jani bora kuliko yote. Wengi hupitia pia bonde la Viñales, ambalo liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1999. Hapo huketi barazani kwa mkulima, wakapewa kahawa na ramu. Mkulima husokota sigaa mbele yao, wakavuta, wakanunua, wakapanda basi. Kesho yake kuna baraza nyingine na mwenyeji mwingine.

Safari huchukua wiki nzima, lakini kila siku ni siku ya kwanza.

Sitaki kuuliza kama wanakosea kwenda. Ninachouliza ni hiki: ukimwona kwa macho yako mtu aliyekutengenezea starehe, je, deni lako kwake linapungua au linaongezeka?

Tuanze kwa kuwatendea haki wasafiri hawa, maana ni rahisi mno kuwacheka wanaume wenye kofia za majani wanaozungumzia moshi kama mashehe wanaojadili tafsiri. Wanajua mambo. Wanajua kwamba majani ya chini ya mche, yaitwayo volado, huwaka vizuri ila hayana nguvu. Ya katikati, seco, hubeba harufu. Na ya juu, ligero, yaliyokunywa jua zaidi, ndiyo makali na huwaka polepole. Wanajua kwamba jani la kuvika sigaa kwa nje hukuzwa chini ya vitambaa vinavyozuia jua, ili liwe jembamba na laini. Wanajua kwamba majani huning'inizwa bandani kwa wiki kadhaa hadi yabadilike kutoka kijani kuwa kahawia, kisha hurundikwa yachachuke. Kujua kitu kwa kina hivi ni aina ya heshima.

Ukitaka kuona thamani ya heshima hiyo, linganisha na Urambo, mkoani Tabora. Huko nako tumbaku ililimwa baada ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza wa mwishoni mwa miaka ya 1940 kushindwa. Jani la Urambo hukaushwa kwa joto la kuni, nyingi zikitoka kwenye misitu ya miombo, kisha husafirishwa na kuchanganywa na majani ya nchi nyingine ndani ya sigara za kawaida. Mvutaji hawezi kulionja Urambo ndani ya sigara yake, kwa sababu sigara hiyo imetengenezwa ili isiwe na mahali ilikotoka. Hakuna basi la wapenzi wa tumbaku linalofika huko. Mkulima wa Vuelta Abajo angalau ana jina la kijiji chake kinywani mwa mnunuzi. Alejandro Robaina, mkulima wa huko aliyefariki 2010, aliona chapa ya sigaa yenye jina la ukoo wake, Vegas Robaina, ikizinduliwa 1997 yeye akiwa hai. Hilo si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba ujuzi huo wote ni wa jani. Msafiri anajua ligero, lakini huenda asijue kwamba anayevuna majani yakiwa mabichi na yenye unyevu hufyonza nikotini kwa ngozi yake, na anaweza kuugua kizunguzungu na kutapika. Anajua sanduku lake lilifungwa mwaka gani, lakini hajui mavuno yaligawanywaje. Wakulima wa Viñales huwaeleza wageni kwamba takriban asilimia 90 ya mavuno huuzwa kwa serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali, na kama asilimia 10 hubaki kwao. Hiyo 10 ndiyo inayosokotwa barazani.

Hapo ndipo sura ya baraza inabadilika. Mgeni anadhani ameingizwa mahali ambapo biashara imekoma na urafiki umeanza. Kwa mwenyeji, baraza ndilo soko pekee ambamo bei anaitaja yeye. Hakuna anayemdanganya mwenzake. Kahawa ni kahawa kweli, na tabasamu linaweza kuwa la kweli. Ila tabasamu hilo nalo ni kazi, na limeingia kwenye bei bila kuandikwa.

Viwandani Havana kuna desturi inayonifundisha zaidi kuliko baraza. Tangu 1865, wasokotaji wa sigaa walianza kumweka msomaji ukumbini. Mikono ikifanya kazi, yeye aliwasomea magazeti na riwaya kwa sauti. Wafanyakazi walimlipa wenyewe, kwa kuchangishana kutoka kwenye ujira wao. Watawala wa Kihispania waliona hatari iliyomo, wakapiga marufuku mwaka uliofuata, lakini desturi ilirudi. Wasokotaji waliohamia Florida waliibeba hadi Key West na Tampa, na jamii hizo zilikuja kuchangia harakati za José Martí za kuikomboa Kuba. Inasemwa kwamba hata chapa ya Montecristo, iliyoanza 1935, ilipata jina lake kutokana na riwaya ya Dumas ambayo wafanyakazi walipenda kusomewa.

Desturi hii bado ipo. Kwa hiyo kikundi cha wageni kinaweza kuingia ukumbini msomaji akiwa anasoma. Wiki nzima kila sauti imekuwa ikisema nao: kiongozi, mhudumu, mkulima. Sasa wanaisikia sauti isiyowahusu, katika mkutano wa watu ambao walikuwa na mazungumzo yao kabla ya basi kufika na watayaendeleza likiondoka. Kwa dakika chache mgeni si kitovu cha nyumba. Naamini huo ndio wakati wa kweli kuliko wote katika safari yake, ingawa ratiba haiuuzi.

Najua msomaji mmoja ameshanijibu: mkulima anahitaji dola, hana haja na falsafa yako. Ni kweli, na wahenga walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kimbunga Ian kilipoipiga Pinar del Río mwezi Septemba 2022, kilibomoa maelfu ya mabanda ya kukaushia tumbaku. Oktoba 2024 gridi ya umeme ya Kuba ilianguka, nchi nzima ikawa gizani. Katika hali hiyo, mgeni anayenunua sigaa ishirini barazani ni msaada halisi. Hata tamasha la sigaa la Havana huishia kwa mnada wa masanduku ya kifahari, na mapato hutangazwa kuwa ni ya huduma za afya za umma. Ule wa 2023 ulivuka euro milioni 11. Inachekesha na kuumiza kwa pamoja. Tumbaku, ambayo Shirika la Afya Duniani linasema huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, inalipia hospitali katika nchi ambayo Fidel Castro mwenyewe aliacha sigaa mwaka 1985 kwa sababu za afya.

Lakini tuisikilize methali hiyo vizuri. Haisemi mgeni njoo mwenyeji alipwe. Inasema apone, na anayejua anaumwa wapi ni mwenyeji. Mgeni anayekuja na kipimo chake cha wema, akalipa, akaridhika na kuondoka, amefanya biashara ya haki. Kupona ni neno kubwa kuliko hilo.

Basi jembe ni nini hapa? Silioni katika somo la nusu saa ambalo wageni hujaribu kusokota sigaa, wakacheka jinsi ilivyopinda. Hilo ni jembe la kuchezea. Jembe la kweli hukabidhiwa wakati mwenyeji anapokuwa na haki ya kukudai jambo, nawe huna basi la kukuokoa. Anaweza kukudai usikilize habari ambazo hazipendezi na moshi: watoto waliohama nchi, banda ambalo halijasimama tena, bei ambayo hakuulizwa. Anaweza pia kukudai jambo la kwenu. Pierre Salinger, msemaji wa Rais Kennedy, alisimulia kwamba mwaka 1962 Kennedy alimtuma amtafutie sigaa ndogo za Kuba. Zilipopatikana 1,200, ndipo akatia saini marufuku ya biashara na kisiwa hicho. Ni mgeni aliyebeba sanduku lake kwanza, kisha akaufunga mlango kwa nje. Raia wa nchi yenye marufuku hiyo hahitaji kushika udongo wa Pinar del Río ili alime. Shamba lake liko nyumbani, kwenye kura yake na katika anayoyasema mezani.

Nasi tusijifanye tunatazama kwa mbali. Zanzibar kijana hupanda mnazi akiimba, akiwasukia wageni kofia za makuti kwenye ziara za viungo, na katika basi lile siku hizi wamo pia vijana wa Dar es Salaam na Nairobi. Tumekuwa wa barazani, na sasa tumekuwa wa basi. Deni halijali rangi ya pasipoti.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kuona kunaongeza deni. Asiyemjua mkulima wake anaweza kujitetea kwa kutojua, lakini aliyenywa kahawa yake hawezi tena. Hiyo si sababu ya kutokwenda. Ni sababu ya kujua kwamba safari haikwishi uwanja wa ndege.

Mwezi Januari, Vuelta Abajo, majani huvunwa kuanzia chini ya mche kwenda juu, machache kwa wakati mmoja, kisha mche huachwa siku kadhaa kabla ya kurudiwa. Mkulima humrudia mche uleule mara nyingi. Wageni huwa wamepiga picha ya mzunguko mmoja.