Mtoto Anapojibembeza



Majira ya baridi yaliyopita tulialikwa kwenye akika nyumbani kwa jamaa mmoja, si mbali na Central Avenue hapa Columbia Heights. Nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka mitatu. Sebule ilijaa watu, viatu vimerundikana mlangoni, watoto wanakimbizana, kila mtu anasema kwa sauti. Mjukuu wangu akatafuta pembe nyuma ya kochi, akakaa, akaanza kujibembeza mbele na nyuma huku akitikisa viganja vyake. Hakulia wala hakumsumbua mtu.

Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mtoto huyu mmemsomea?" Mwingine akasema amedekezwa tu. Nikaona haya. Nikamfuata, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Acha, watu wanakutazama." Hapo ndipo alipolia, na kilio hakikwisha hadi tulipofika kwenye gari.

Tangu siku ile najiuliza: nilikuwa namtuliza nani? Mtoto alikuwa ametulia. Asiye na utulivu nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni uhandisi. Juu ya boila huwekwa vali ya usalama. Presha ikizidi kiasi, vali hufunguka na mvuke hutoka kwa kelele za kutisha. Asiyejua hudhani hapo ndipo palipoharibika. Akiiziba, kelele zitakoma, lakini hatari ndiyo kwanza inaanza. Mtoto si chuma, nalijua hilo. Lakini mimi, niliyesomea mambo haya ng'ambo kwa miaka, siku ile niliziba vali mbele za watu.

Tukumbuke kwamba kujibembeza si jambo geni. Watoto wengi wazima kabisa hujibembeza, wengine hata hugonga kichwa kwenye mto kabla ya kulala. Huanza kabla ya kutimiza mwaka, na wengi huacha wenyewe kabla ya umri wa shule. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachopima mizani ya mwili, na mwendo wa taratibu hukiliwaza. Mwaka 2011 watafiti wa Geneva waliwalaza watu wazima kwenye kitanda kinachobembea, wakaona wanapata usingizi haraka zaidi. Bibi zetu hawakuhitaji utafiti huo. Walikuwa na mbeleko.

Na sisi wakubwa je? Tulipokuwa chuoni tuliyumba huku tukisoma juzuu. Zanzibar, kwenye maulidi ya homu, wanaume hupiga magoti safu moja wakayumba pamoja, nasi tukawaona wamependeza. Mzee hutikisa mguu akisubiri jibu la daktari na hakuna anayemuuliza kama amesomewa. Mtoto wa miaka mitatu tu ndiye tunayemnyima dawa tunayoitumia wenyewe.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Wapo watakaosema, "Basi mwacheni, ataacha akikua." Nao wanaweza kukosea. Ceausescu alipoanguka Romania mwaka 1989, dunia ilionyeshwa watoto wa vituo vya yatima wakijibembeza vitandani saa baada ya saa. Hakuna aliyewabembeleza, wakajibembeleza wenyewe. Mwendo ule ule uliotuliza mtoto mmoja nyuma ya kochi ulikuwa, kwa wale, ushahidi wa kutelekezwa. Kwa hiyo huwezi kuuhukumu mwendo bila kumjua mwenye mwendo.

Hapa Minnesota swali hili lina uzito wake. Mwaka 2008 wazazi wa Kisomali wa Minneapolis walipaza sauti kuhusu usonji kwa watoto wao. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa matokeo ya uchunguzi: katika watoto wa miaka 7 hadi 9, usonji ulionekana kwa mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali, na 1 kati ya 36 weupe, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kilichonigusa ni jambo jingine: kwa wastani watoto waligunduliwa wakiwa na miaka 5 hivi, ilhali dalili zinaweza kutambuliwa mtoto akiwa na miaka 2. Miaka hiyo mitatu huenda wapi? Baadhi yake, naogopa, hupotelea sebuleni mwetu, kati ya "mmemsomea?" na "ataacha tu."

Kumzuia na kumpuuza huonekana kama vitu viwili vinavyopingana, lakini vyote hutuondolea kazi ya kumtazama mtoto. Je, anaitika akiitwa jina? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Anajiumiza? Kama jibu linatia shaka, mwone daktari, au omba tathmini kupitia Help Me Grow ya jimbo letu. Haina malipo, wala haiulizi hali ya uhamiaji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kama ni usonji, bado mwendo ule ni wake. Watu wazima wenye usonji wameeleza wenyewe kwamba kujibembeza huwapunguzia vurugu za kelele na mwanga. Kama hajiumizi, ana haki nao.

Mjukuu wangu sasa yuko kwenye foleni ya tathmini. Sijui tutaambiwa nini. Mwezi uliopita tulialikwa tena, akaenda nyuma ya kochi. Safari hii niliomba redio ipunguzwe, nikaenda nikakaa sakafuni karibu naye bila kumgusa. Baada ya muda aliniegemea, akaendelea kuyumba, nami nikajikuta nayumba naye.

Mkituona hivyo kwenye shughuli ijayo, ndugu zangu, tusalimieni tu.

Wasalaam.