Mji unaomtaka kila mtu awe dereva

Kati ya Dallas na Fort Worth, kaskazini mwa jimbo la Texas, upo mji wa Arlington. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu wapatao 394,000, wengi kuliko wa New Orleans au Cleveland, miji ambayo dunia imeyazoea majina yake. Arlington ina chuo kikuu chenye wanafunzi zaidi ya 40,000, kiwanda cha magari cha General Motors kilichofunguliwa 1954, na viwanja viwili vya michezo vya kifahari vilivyo karibu karibu. Basi la umma ndilo isilo nalo. Hakuna kituo ambapo mtu anasimama akijua kuwa gari la njia fulani litapita, liwe limejaa au tupu. Msomaji aliyezoea kusikia konda akiita abiria hata kabla hajafika barabarani atapata tabu kuiwaza hali hiyo. Wala usidhani mji huo haukuwahi kuwa na usafiri: kuanzia 1902 hadi 1934 treni za umeme zilipita Arlington zikienda na kurudi baina ya Dallas na Fort Worth.

Wakazi wameulizwa, tena mara nyingi. Mwaka 1980, 1985 na 2002 walipiga kura kuhusu kugharimia usafiri wa umma, wakakataa. Mwaka 1991, 2004 na 2016 waliulizwa kuhusu kugharimia viwanja vya michezo, wakakubali. Ile ya 2004 iliongeza nusu senti kwenye kila dola ya mauzo ili mji utoe dola milioni 325 za uwanja wa timu ya Dallas Cowboys, uliofunguliwa 2009 na wenye nafasi za watu 80,000. Hapa kuna jambo la kihasibu linalostahili kutazamwa. Sheria ya Texas haiuruhusu mji kukusanya zaidi ya senti 2 za kodi ya mauzo kwa kila dola, na miji iliyojiunga na DART, shirika la usafiri wa umma la eneo hilo, hutoa senti nzima kwa ajili ya usafiri. (Msomaji wa Dar es Salaam asichanganyikiwe: hii ni DART ya Dallas, iliyoidhinishwa kwa kura ya 1983. Wajina wake wa Mwendokasi alianza kubeba abiria 2016.) Kwa hiyo kila nusu senti inayokwenda uwanjani inalibana basi. Na kodi hiyo haibagui. Asiye na gari huilipa kila anaponunua sabuni au viatu, akachangia uwanja ambao hana njia nyepesi ya kuufikia.

Watetezi wa utaratibu huu husema gari ni uhuru, unaondoka utakapo na unakwenda utakako. Kwa mwenye nalo ni kweli. Lakini uhuru usioweza kuukataa umekwisha kuwa sharti, na sharti hili lina bei. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikadiria mwaka 2023 kwamba kumiliki na kuendesha gari jipya hugharimu dola 12,182 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara kinachotumika Texas hakijabadilika tangu 2009: dola 7.25 kwa saa, yaani dola 15,080 kwa mwaka mzima wa kazi kabla ya makato. Wengi hulipwa zaidi ya hapo na wengi hununua magari makuukuu, basi hesabu hii tusiivute kupita kiasi. Hata hivyo gari linabaki kuwa kiingilio ambacho mtu hulipa kwanza ndipo aitafute kazi. Wala si kila mwenye fedha anayeweza kuliendesha. Kijana asiyefikisha miaka 16, kipofu, mwenye kifafa kisichotulia, mzee ambaye macho yamemchoka, wote hawa wamebaki kuomba lifti. Familia za Wakongo waliopewa hifadhi Fort Worth na vitongoji vyake zinalijua hilo vizuri: bibi aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu yake hujikuta akimsubiri mjukuu atoke kazini. Lifti ya siku moja ni ujirani mwema. Lifti ya kila siku humfanya mtu mzima ahesabu maneno yake mbele ya anayemwendesha.

Wapo wanaojibu kwamba mji wenyewe haufai kwa basi, maana nyumba zimetawanyika, jua ni kali, na gari tupu ni hasara. Hoja ya kutawanyika ina uzito, siipuuzi. Ya jua sioni mashiko yake. New Orleans nayo ni Kusini, ina joto na unyevu, na njia yake ya tramu ya St. Charles imekuwapo tangu 1835. Houston, iliyosambaa kuliko Arlington, ilipanga upya mtandao wake wote wa mabasi mwaka 2015 badala ya kuufuta. Arlington ilijaribu njia moja ya basi kuanzia 2013 hadi 2017, kutoka kituo cha treni cha CentrePort hadi chuoni, abiria wakawa haba. Kupima haja ya watu 394,000 kwa njia moja ni sawa na kujifunza kuogelea ndani ya karai.

Mahali pa basi hilo pamechukuliwa na vigari vya pamoja vya kampuni ya Via, vinavyoitwa kwa simu, ambavyo vilienea mji mzima mwaka 2021. Ni hatua, na kwa mgonjwa au mzee pengine ni bora kuliko kutembea hadi kituoni. Tatizo ni kwamba kigari cha kuagizwa kikipata wateja wengi, foleni ya kukisubiri hurefuka, ilhali basi likipata abiria wengi kuna sababu ya kuongeza jingine. Tena vilipoenea vilikoma saa tatu usiku na kupumzika Jumapili, katika mji wenye kiwanda cha zamu tatu.

Yapo pia madai kwamba hiyo ndiyo demokrasia, wengi wameamua. Ni kweli, ila wengi wa waliopiga kura ni wale waliokwisha kuingia mjini na magari yao. Asiye na gari huenda alitafuta makazi kwingine, hivyo uchache wake si ushahidi kwamba basi halihitajiki.

Kwa Kombe la Dunia la 2026 uwanja wa Cowboys ulipangiwa mechi 9, nyingi kuliko uwanja mwingine wowote wa mashindano hayo. Mpango wa kuwafikisha mashabiki ukawa treni hadi CentrePort, kisha mabasi hadi uwanjani. Njia ni karibu ileile iliyofutwa 2017.